Indiketa ya kulia iliyozimika kila nilipokanyaga breki

Jioni moja ya mwezi wa Machi nilikuwa natoka Raskazone kurudi nyumbani Ngamiani, hapa Tanga. Nilipokaribia kona ya mtaa wetu niliwasha indiketa ya kulia mapema, mshale wa kijani ukaanza kupepesa kwenye dashibodi, nikakanyaga breki na kuanza kuzungusha usukani. Papo hapo bodaboda ikapita upande wangu wa kulia kwa kasi, karibu mno na mlango kiasi kwamba niliuona mkono wa abiria ukivutwa ndani. Dereva wake alisimama mbele kidogo, akarudi, akaniambia bila hasira, "Shikamoo mzee, lakini hukuwasha taa." Nilimwonyesha mshale ambao ulikuwa bado unapepesa. Akazunguka nyuma ya gari, akatazama, akarudi akiwa ameduwaa na kusema, "Sasa hivi inawaka." Tuliagana kwa amani, lakini niliingia nyumbani na mawazo. Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba sote wawili tulisema kweli.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hitilafu yenyewe ni ya kawaida katika magari yaliyokaa pwani, inahatarisha maisha ya watu, na wengi wetu huitafuta mahali ambapo haipo. Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1997, lenye mfumo wa umeme wa volti 12 na balbu za kawaida za uzi. Magari mapya yanayotumia kompyuta kuwasha taa yana mambo yao, ingawa sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa inayahusu pia.

Dalili niliyoifahamu kwanza ilikuwa mlio. Indiketa nzima hupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na hicho ndicho kiwango kinachokubalika kimataifa. Yangu, nilipohesabu kwa saa ya mkononi, ilipepesa mara 84. Lakini mara kwa mara, hasa kwenye kona, mlio ulibadilika ghafla ukawa wa haraka karibu maradufu, kisha ukarudi kuwa wa kawaida. Mlio wa haraka si ubovu wa flasha, kile kifaa kinachokata na kuunga umeme ili indiketa ipepese, bali ni ujumbe wake. Ndani ya flasha ya kielektroniki mna kipande kidogo cha ukinzani ambacho mkondo wote wa taa za upande mmoja hupita. Upande mmoja wa gari langu una balbu ya wati 21 mbele, nyingine ya wati 21 nyuma, na ndogo ya wati 5 ubavuni, jumla wati 47, yaani karibu ampia 4. Balbu moja kubwa ikikatika, mkondo hushuka hadi ampia 2 na ushei, flasha huhisi upungufu huo na kuongeza kasi ili dereva ajue kwamba kuna taa isiyowaka. Ndiyo maana pia mtu anayeweka balbu za LED bila kubadilisha flasha hupata mlio uleule wa haraka ingawa taa zake zote ni nzima, kwa kuwa LED hula mkondo mdogo sana. Flasha za zamani, zile za kipande chembamba cha metali mbili kinachojikunja kwa joto, ziliongea kwa namna nyingine: balbu ikikatika, mkondo haukutosha kukipasha joto kile kipande, na taa iliyobaki iliwaka tu bila kupepesa.

Kwa hiyo nilipompelekea fundi umeme gari na kumweleza kuhusu mlio wa haraka, jibu lake la kwanza lilikuwa la busara kabisa: balbu. Aliwasha hazadi, yaani indiketa za pande zote mbili kwa pamoja, akazunguka gari, akakuta taa zote zinapepesa vizuri. Hata hivyo alibadilisha balbu ya nyuma kulia kwa tahadhari. Siku mbili baadaye mlio ukarudi, naye akabadilisha flasha. Mlio ukarudi tena. Safari ya tatu aliifungua swichi ya indiketa iliyo chini ya usukani, akaisafisha, akaniambia kwamba ikiendelea itabidi tutafute nyingine. Mpaka hapo nilikuwa nimetumia shilingi 46,000 pamoja na ufundi, na gari lilikuwa na hitilafu ileile. Simlaumu fundi huyo. Kila mara alipolipima, gari lilikuwa limesimama uani, injini imezimwa, na mguu wa mtu yeyote haukuwa kwenye breki. Hitilafu haikuwepo wakati yeye anaitazama.

Nilianza kuielewa nilipoacha kujiuliza ni kifaa gani kibovu na badala yake nikajiuliza ni nini kinachotokea kwenye kona ambacho hakitokei uani. Jibu ni jepesi ukishaliona: kwenye kona nakanyaga breki. Usiku ule niliegesha gari kinyumenyume mita mbili kutoka ukuta wa uwani, nikazima taa ya nje, nikamwomba mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi na minne asimame nyuma aniambie kila anachokiona. Niliwasha indiketa ya kulia.

"Inawaka, mjomba. Lakini haina nguvu kama ile ya kushoto ulipoijaribu."

"Kingine?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo watu wazima watatu tuliolitazama gari lile mchana hatukuliona: "Taa nyekundu ya kushoto nayo inapepesa. Kidogo sana. Kama kaa la moto linalopulizwa."

Nilishuka nikatazama mwenyewe. Alisema kweli. Balbu ya breki ya kushoto, ambayo haina uhusiano wowote na indiketa ya kulia, ilikuwa ikiwaka wekundu hafifu na kuzimika sambamba na indiketa. Nilirudi ndani nikakanyaga breki huku indiketa inaendelea. Mlio ukaenda mbio mara moja. "Ya njano imezimika," aliniambia. "Na breki ya kulia haiwaki sawasawa, inawaka kama taa ndogo tu." Nilipoachia breki, indiketa ikarudi. Nilikanyaga tena, ikazimika. Tulirudia mara sita au saba na mambo yakawa yaleyale kila mara. Ndipo nilipomkumbuka yule dereva wa bodaboda. Aliponifikia mguu wangu ulikuwa kwenye breki, kwa hiyo hakuona indiketa wala taa kamili ya breki upande wangu wa kulia. Aliporudi kutazama, mguu ulikuwa umeshaondoka, na taa ikawaka.

Taa isiyohusika inapowaka pamoja na inayohusika, ujue umeme umekosa njia ya kurudi na unajitafutia njia nyingine. Katika gari, umeme hutoka kwenye betri kwa waya, hupita kwenye swichi na balbu, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi yenyewe ya gari. Hiyo njia ya kurudi ndiyo mafundi wetu wanayoiita ethi. Mkusanyiko wa taa za nyuma upande mmoja, yaani indiketa, breki, taa ndogo (ile nyekundu hafifu ya usiku) na taa ya rivasi, hutumia waya mmoja tu wa ethi, ambao hufungwa kwa bolti kwenye bodi ndani ya buti. Waya huo ukiwa na mshiko mzuri, kila balbu hufanya kazi yake bila kumjua jirani yake. Mshiko ukiharibika, taa zote nne hubaki zimeunganishwa pamoja mahali ambapo si bodi tena, na kila moja inakuwa mlango wa mwenzake. Umeme wa indiketa yangu uliposhindwa kupita kwenye ethi uliingia kinyumenyume kwenye uzi wa balbu ya breki ya kulia, ukafuata waya wa breki hadi upande wa kushoto, ukapita kwenye balbu ya breki ya kushoto na kushuka kwenye ethi ya kule, ambayo ilikuwa bado inashika. Balbu tatu zikawa zimepangwa mstari mmoja zikigawana volti 12, na ndiyo maana ile ya kushoto iliwaka kama kaa tu.

Nilipokanyaga breki, njia hiyo ya uchochoroni nayo ilifungwa, kwa sababu waya wa breki ulikuwa sasa na volti 12 zake. Indiketa ikajikuta ina volti 12 upande mmoja na karibu kiasi hichohicho upande wa pili. Umeme hautembei pasipo na tofauti, kwa hiyo balbu ilizimika, mkondo ukashuka, na flasha ikaanza kupiga mbio. Ule mwanga mdogo alioutaja mpwa wangu kwenye breki ya kulia haukuwa wa breki hata kidogo. Ulikuwa uzi mdogo wa wati 5 ulio ndani ya balbu hiyohiyo, uzi wa taa ndogo, ukiwashwa na umeme uliokuwa ukikimbilia mzunguko wa taa ndogo ili ufike bodini kwa njia hiyo. Flasha ya kwanza haikuwa mbovu. Ilikuwa ikisema ukweli tangu siku ya kwanza, na tuliing'oa kwa kusema kwake ukweli.

Kukisia kwa namna hii kunapendeza, lakini kukisia si kupima. Asubuhi nilitoa mita yangu ya kupimia umeme, ile ya kidijitali ya bei nafuu inayouzwa madukani kwa wauza vifaa vya umeme, nikafungua buti. Hapa ndipo watu wengi wenye mita hupotea, na mimi niliwahi kupotea hapohapo miaka iliyopita. Ukiing'oa balbu na kuweka ncha za mita ndani ya soketi, mita itakuonyesha volti 12 safi hata kama ethi imeoza, kwa sababu mita yenyewe hupitisha mkondo mdogo usio na maana, nao mkondo huo mdogo hupita kwenye kutu bila kupoteza chochote. Ni sawa na kupima bomba la maji kwa kutazama tone linalodondoka kwenye koki: tone litadondoka hata kama bomba limeziba nusu na robo yake. Vivyo hivyo ukipima ukinzani wa ethi kwa omu, omu chache zinazoiua taa zinaweza kuchanganyika na ukinzani wa nyaya za mita na mshiko wa ncha zake, na ukikosa kuwa makini utaziona kama si kitu. Hata balbu yenyewe hudanganya ukiipima kwa omu. Balbu ya wati 21 ikiwa baridi huonyesha chini ya omu 1, ilhali ikiwaka huwa na karibu omu 7, kwa sababu uzi wake wa tungsteni huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto.

Kipimo cha kuaminika hufanywa taa ikiwa inafanya kazi, balbu ikiwa mahali pake na mkondo wote ukipita. Tatizo ni kwamba indiketa hupepesa na namba za mita hurukaruka pamoja nayo. Kwa hiyo niling'oa flasha, ambayo kwenye gari hili ina miguu mitatu, nikaunganisha tundu la umeme unaoingia na tundu la umeme unaokwenda kwenye taa kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Nikiwasha indiketa sasa, taa iliwaka moja kwa moja bila kupepesa. Nyuma, sikutoboa ngozi ya waya kwa sindano kama tulivyozoea kuona, kwa maana katika hewa ya chumvi ya Tanga tundu dogo kama lile huingiza unyevu, na baada ya mwaka mmoja unakuta shaba imegeuka unga wa kijani ndani ya ngozi inayoonekana nzima. Nilichomeka pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, pembeni mwa waya, hadi ikagusa chuma cha ndani.

Ncha nyeusi ya mita niliiweka kwenye chuma kitupu cha komeo la buti. Ncha nyekundu ilipogusa upande wa umeme unaoingia, mita ilisoma volti 11.7, jambo linalomaanisha kwamba betri, fyuzi, swichi na waya mzima kutoka mbele hadi nyuma havikuwa na tatizo la maana. Pesa zangu zote zilikuwa zimetumika upande huo. Nilipohamishia ncha hiyo kwenye waya wa ethi wa soketi, waya mweupe wenye mstari mweusi, mita ilisoma volti 4.6. Nilimwomba mpwa wangu akanyage breki. Ikapanda hadi 9.9.

Waya wa ethi uliofungwa vizuri kwenye bodi haupaswi kuonyesha zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za volti moja, hata taa zote zikiwaka. Wangu ulikuwa na karibu volti 10. Kuanzia hapo hakukuwa tena na cha kubishana. Kilichobaki kilikuwa kuufuata waya huo hadi mwisho wake. Kwa asiye na mita, balbu ndogo ya wati 5 iliyounganishwa nyaya mbili inaweza kusema jambo hilohilo: waya mmoja unaushika kwenye upande chanya wa betri na mwingine unagusa ethi ya taa unayoishuku, taa yenyewe ikiwa imewashwa. Ikiwaka kwa nguvu, ethi ni nzima. Ikififia, umeshapata pa kuanzia. Kwenye magari yenye mifuko ya hewa tu ndipo ninaposihi watu wasiichomeke taa hiyo ovyo, hasa kwenye nyaya za rangi ya manjano, kwani ndizo kwa kawaida za mifuko hiyo.

Waya ulishuka nyuma ya kifuniko cha kadibodi ngumu upande wa kulia wa buti. Nilikitoa vibanio vyake vinne, nikakisukuma pembeni, nikamulika kwa tochi ya simu. Bolti ilikuwa pale, ya kichwa cha spana namba 10, imekazwa vizuri, na pete ya waya imelala chini yake. Kwa macho haikuwa na kasoro yoyote. Nadhani hata fundi angekifungua kifuniko kile angeridhika nayo. Nilipoilegeza, ilitoka ikiwa na vumbi la kutu jekundu kwenye meno yake, na nilipoinyanyua pete nilikuta chini yake rangi nyeupe inayong'aa, laini, nzima kama ya mlangoni.

Nilikaa pale nikiitazama rangi ile kwa muda. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo gari liligongwa nyuma kidogo likanyooshwa na kupakwa rangi. Aliyelipaka aliifungua ethi ile ili apige rangi vizuri, akaipulizia bodi yote hadi mahali pa bolti, kisha akairudisha pete juu ya rangi kavu na kukaza. Rangi haipitishi umeme. Tangu siku ile pete haikugusa bodi hata kidogo, na umeme wote wa taa nne ulikuwa ukipanda kutoka kwenye pete hadi kichwa cha bolti na kushuka kupitia meno ya bolti peke yake. Meno yalivumilia mwaka mzima. Kisha chumvi na unyevu uliokuwa ukiingia kupitia mpira wa taa, ambao haukukaa sawasawa baada ya kazi ile, vikayala taratibu mpaka ikabaki njia nyembamba.

Marekebisho yenyewe yalichukua dakika zisizozidi ishirini. Nilikwangua rangi kwa msasa, duara la ukubwa wa sarafu, hadi chuma cheupe kikaonekana, nikaisafisha pete pande zote mbili, nikatupa bolti ya zamani na kuweka mpya yenye washa ya menomeno inayouma chuma inapokazwa. Nilikaza kwanza, chuma kwa chuma, na baada ya kukaza ndipo nilipopaka grisi juu ya kiungo chote kuzuia hewa ya bahari. Grisi iwekwe juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa, kwa sababu kazi yake ni kufunika. Chuma kile kitupu kingeachwa bila kufunikwa kingeota kutu kabla ya masika kwisha. Mpira wa taa nao niliukalisha upya.

Kisha nilipima tena, indiketa ikiwaka bila kupepesa na mguu wa mpwa wangu ukiwa kwenye breki: volti 0.05. Niliitoa ile waya ya kuunganishia, nikarudisha flasha, nikasubiri giza, tukarudi ukutani. Njano ya kulia iling'aa sawa na ya kushoto, breki zote zikawaka wekundu kamili, na mlio haukubadilika nilipokanyaga. Nilihesabu tena kwa saa: 84. Flasha ya zamani, ile tuliyoing'oa bila kosa, niliijaribu pia siku hiyo na inafanya kazi vizuri. Naiweka kwenye sanduku la zana.

Kwa fundi nilipita kesho yake kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua mita yangu, akaenda moja kwa moja kwenye gari la mteja mwingine lililokuwa uani pake likiwa na taa ndogo zinazofifia, akamwambia kijana wake akanyage breki.

Upande wa kushoto wa gari langu niliupima siku ileile kwa namna ileile, nao ukasoma volti 0.31. Taa bado zinawaka vizuri, na mtu akitazama kwa macho hawezi kuona tofauti. Nimekwisha kununua bolti na washa yake, na Jumamosi nitakifungua kifuniko cha upande huo.